Hakimiliki ya Ardhi: Neno Moja, Tafsiri Mbili



Hati anayopewa mwanakijiji wa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huitwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Swali langu ni hili: je, aliyeishika hati hiyo anaimiliki ardhi?

Tuanze na neno lenyewe. Miliki ni neno la asili ya Kiarabu, la mzizi m-l-k, uliotupatia pia mamlaka na malkia. Tangu asili, basi, limebeba maana mbili: kuwa na mali na kutawala. Fikihi ya Kiislamu, iliyozoeleka Mwambao, hupambanua kitu chenyewe na manfaa yake. Mwenye milki kamili anavyo vyote viwili. Mpangaji ana manfaa tu. Mjini Mombasa mtu huweza kuwa na nyumba juu ya kiwanja cha mwingine: nyumba ni yake, kiwanja si chake.

Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 iliandikwa kwa Kiingereza. Bila kugusa hati zilizotangulia, iliitangaza ardhi kuwa ya umma chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia na kuitumia. Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 iliugeuza umilikaji wa kudumu kuwa upangaji wa serikali. Mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ile ile ya kukalia. Sheria za 1999 zikathibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Haki hiyo ya kukalia na kutumia ndiyo tuliyoifasiri hakimiliki.

Je, wafasiri walikosea? Hapa sarufi inatufaa. Hakimiliki yaweza kuwa haki ya kumiliki. Yaweza pia kuwa haki inayomilikiwa. Mwanakijiji husoma maana ya kwanza. Sheria inakusudia ya pili.

Na maana ya pili si dhaifu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila vijijini. Ilikiri kuwa haki hizo kwa asili ni za kukaa na kutumia tu. Hata hivyo ikaamua kuwa ni mali inayolindwa na Katiba, wala haziondolewi bila fidia ya haki. Kinachomilikiwa, basi, ni haki, si udongo.

Kwa hiyo sipendekezi neno hili litupwe. Napendekeza lifafanuliwe ndani ya hati yenyewe, kwa sentensi moja nyepesi, ili mwenye shamba ajue alicho nacho kabla ya siku ya kudai fidia. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania. Utata uliokuwa wa tafsiri sasa ni utata wa sheria yenyewe, na kuuondoa ni kazi yetu wanaisimu sawa na ilivyo kazi ya wanasheria.