Furu Mwenye Jina la Mwalimu

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika, Itiryo)



Sisi wa milimani furu tulimzoea akiwa mkavu, wa sokoni. Kumbe yuko mmoja aliyevaa rangi: dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na milia myeusi. Mwaka 1985 wataalamu wa Kiholanzi waliomkuta huko Mwanza walimpa jina la Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, Mara yetu hii hii. Leo Wazungu wanamfuga nyumbani katika matangi ya vioo. Wanamtazama tu, hawamli!

Katika Ziwa Victoria anakaa penye mawe. Sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, alikula akamaliza aina nyingi za furu; huyu mawe yalimficha. Jike hulea mayai mdomoni, na dume humchagua kwa rangi yake. Maji yakijaa tope rangi haionekani, basi jike hukosea, hupokea dume wa aina nyingine, na uzao unachanganyika.

Tope linatoka wapi? Tusitazamane, ndugu. Mvua ikinyesha, mito yetu hushuka myekundu kuelekea ziwani, na wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu. Jumamosi tunachimba makinga maji shamba la ushirika. Kila mmoja aje na jembe.