Watoto wa Mpira na Baridi ya Mwezi wa Sita

(Maneno yaliyosemwa kwa wamama siku ya kupima watoto, Lubumbashi)

Kaeni vizuri, funikeni watoto, maana asubuhi hii baridi iko kali. Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya mbu. Tutasema juu ya wale wakubwa wenu wa miaka nane, kumi, kumi na mbili, wanaoamka alfajiri kwenda kucheza mpira.

Juma lililopita mama mmoja alikuja na kuniambia: "Mama, tuandikie barua. Antrenere anawatoa watoto saa kumi na mbili ya asubuhi. Baridi itawaingia katika kifua. Kuna nyumba kubwa ya kuwekea mizigo karibu nasi, iko wazi. Wacheze mule ndani, tutawasha mbabula mbili tatu, watapata joto."

Yule mama anapenda watoto wake. Maneno yake si ya kucheka. Lakini barua sikuandika, na leo nataka ninyi wote mjue sababu.

Kwanza, tuseme juu ya baridi yenyewe. Hapa kwetu Katanga tuko juu sana, zaidi ya metre 1.000. Mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi inashuka chini ya digri 10, halafu saa sita ya mchana jua linawaka, watu wanavua triko. Je, baridi hiyo ndiyo inaleta ugonjwa wa mapafu? Hapana. Ugonjwa wa mapafu unaletwa na vijidudu vidogo ambavyo macho hayavioni. Mtu akikohoa au akipiga chafya, vinatoka na kumwingia mwingine. Basi mbona watu wanakohoa zaidi wakati wa baridi? Sababu moja ni hii: tunafunga mlango, tunafunga dirisha, tunalala wengi pamoja, na kikohozi cha mmoja kinakuwa kikohozi cha wote.

Sasa fikirini watoto ishirini na watano ndani ya nyumba isiyo na madirisha, wanakimbia, wanahema kwa nguvu. Nje, upepo unapeleka vijidudu mbali. Ndani, vinabaki. Na mtoto akivichukua pale, atavipeleka nyumbani kwa mdogo wake anayenyonya. Yule mdogo ndiye anayeweza kufa.

Pili, ile mbabula. Hapa, wamama, nitasema habari yangu mwenyewe, hata kama inanipa haya. Mimi ninayefanya kazi ya kuponya watu, mwaka mmoja wakati wa baridi niliona vijana wangu wawili wamerudi kutoka mpira wakitetemeka. Usiku niliingiza mbabula katika chumba chao. Makala yalikuwa mekundu, moshi hakuna, nikasema ni salama. Nikafunga mlango na kuziba dirisha kwa kitambaa. Asubuhi mkubwa alitoka akijishika ukuta, kichwa kinamuuma, anatapika. Mdogo hakuamka. Baba yao alimbeba mikononi, tukakimbia hospitali, wakamwekea hewa ya oksijeni. Mungu alisaidia, akapona. Jirani walisema ni uchawi. Haukuwa uchawi. Ilikuwa mbabula yangu.

Makala yanayowaka yanatoa hewa mbaya. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya ile hewa nzuri tunayohitaji. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi. Na mtoto anayekimbia anavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo sumu inamwingia upesi. Mkiona dalili hizo, fungueni milango, mtoeni mtu nje, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje.

Basi, watoto wacheze wapi? Wacheze nje. Hata ekipe ya Mazembe, iliyochukua kombe kubwa la Afrika mara 5 (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015), inacheza chini ya mbingu hapa hapa Lubumbashi. Lakini muongee na antrenere juu ya saa. Siku ambayo hakuna masomo, waanze saa tatu, jua likiisha kupanda. Mtoto atoke na triko, aivue mwili ukipata joto. Akimaliza, avue shati lenye jasho na kuvaa kavu. Ale kitu kabla ya kwenda, na anywe maji hata kama hasikii kiu. Kiwanja kikiwa na vumbi, wakimwagie maji kwanza.

Wako watoto ambao sheria yao ni nyingine. Mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Mtoto mwenye pumu, baridi na vumbi vinaweza kumfunga pumzi. Asicheze bila kuonwa na munganga. Na mtoto mwenye SS, huyu baridi inamdhuru kweli, inaweza kumletea yale maumivu makali ya mifupa. Huyu msimtoe alfajiri. Avae vizuri, anywe maji mengi, munganga aseme mchezo gani unamfaa.

Mtaniuliza: hakuna siku ya kuwaingiza ndani? Iko. Siku ya radi. Mwezi wa kumi 1998 habari zilitoka Kasai kwamba radi iliua wachezaji 11 wa ekipe moja katikati ya mchezo. Mvua zikirudi, ngurumo ikisikika, mpira usimame, watoto waingie katika nyumba, si chini ya muti. Wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Sasa tukumbuke:

1. Baridi peke yake haileti ugonjwa wa mapafu. Vijidudu na nyumba iliyofungwa vinauleta.
2. Mbabula inawashwa nje. Chumbani hailali pamoja na watu, hata siku moja.
3. Mtoto anayekohoa, hesabuni pumzi yake dakika nzima akiwa ametulia. Wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 12: 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka 5: 40 au zaidi. Au kifua kikiingia ndani akivuta pumzi, leteni mtoto siku ile ile.
4. Chanjo ya kulinda mapafu iko katika nchi yetu tangu 2011. Inatolewa juma la 6, la 10 na la 14. Angalieni karatasi ya mtoto.

Yule mama wa barua yuko hapa kati yenu. Jana aliniambia amezungumza na antrenere, na wataanza saa tatu. Asante, mama. Sasa leteni watoto kwenye mizani.