Imani Ina Masika na Kiangazi: Mafunzo ya Hudaybiya

(Matini ya mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuzigeuza nyoyo za waja Wake apendavyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila mwenye kuufuata uongofu wake kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Usiku huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalo vifuani na wachache huthubutu kulitamka. Nalo ni ile hali ya Muislamu kusimama katika swala na moyo wake ukawa mkavu. Akaomba mwezi baada ya mwezi asione jibu. Kisha nafsi ikamuuliza, watu wote wakiwa wamelala, kama kweli yuko anayemsikia.

Kabla ya kuwausia wengine, tukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alifiwa na baba yake baada ya maradhi ya muda mrefu. Aliporejea madrasa alituuliza mbele ya wenziwe: aliomba kila usiku, katika ile thuluthi ya mwisho ambayo sisi wenyewe tulimfundisha fadhila zake, basi mbona baba yake hakupona? Tulimkemea. Tulimwambia kuwa maswali ya namna ile ni mlango wa ukafiri, tukamtaka alete istighfari, tukaendelea na somo la nahau. Kijana akanyamaza. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuatia.

Tulikuwa tumerudi kutoka masomoni na shahada, na makasha ya vitabu ambamo jawabu la kijana yule limeandikwa wazi. Tulilikosa kwa sababu tulikimbilia kuilinda heshima ya darasa. Haya tutakayoyasema leo ndiyo tuliyostahiki kumwambia siku ile.

Imani huzidi na hupungua

Ndugu zetu, ni katika itikadi ya Ahlus Sunna wal Jamaa kwamba imani huzidi na hupungua: huzidi kwa utiifu na hupungua kwa maasi. Moyo si jiwe. Una masika yake, ambapo Qur'ani humtoa mtu machozi na Alfajiri huwa nyepesi. Na una kiangazi chake, ambapo ulimi husoma na moyo uko sokoni.

Imamu Muslim amepokea kisa cha sahaba Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.). Alikutana na Abubakar (r.a.) akajishitaki kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kana kwamba ni kwa macho yake, na akirudi kwa mke, watoto na mali husahau mengi. Abubakar hakumkemea. Alikiri kuwa naye hukutwa na hali hiyo hiyo, wakaenda pamoja kwa Mtume (s.a.w.), naye akawafahamisha kuwa moyo una saa na saa. Tazama adabu hiyo: mbora wa umma huu baada ya Mtume wake alimsindikiza mwenye wasiwasi kwenda kwenye dawa.

Na masahaba wengine walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa hupata fikra nafsini mwao ambazo wanaona ni jambo kubwa mno kuzitamka. Akawaambia kuwa kule kuzichukia ndiko imani ya wazi. Basi kuna tofauti baina ya shaka inayomvamia mtu naye akaumia kwayo, na shaka anayoikaribisha, akaitandikia jamvi na kuilisha. Ya kwanza ni ugonjwa unaotibika. Ya pili ni hatari kwa dini ya mtu.

Wala kuuliza si uasi. Katika Suratul Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahim (a.s.) aliomba aonyeshwe namna wafu wanavyohuishwa, akabainisha kuwa anaamini, ila ataka moyo wake upate utulivu. Mola wake alimwelekeza achukue ndege wanne, akamwonyesha. Khalilullah aliuliza akajibiwa, na sisi tulimfukuza yatima kwa swali lake!

Siku ya Hudaybiya

Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia, Mtume (s.a.w.) aliondoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwa nia ya umra. Alikuwa ameota kuwa wataingia Msikiti Mtukufu kwa amani, na ndoto za Mitume ni haki. Walivaa ihramu, wakachukua wanyama wa kuchinja. Walipofika Hudaybiya, karibu kabisa na Makka, Makuraishi wakawazuia, na mkataba ukaandikwa baina ya Mtume (s.a.w.) na mjumbe wao Suhayl bin Amr: Waislamu warudi mwaka ule bila ya umra, na atakayekimbilia kwao kutoka Makka bila idhini ya walii wake arudishwe.

Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhayl huyo huyo, akijikokota na minyororo yake, akiwaomba Waislamu wamuokoe. Akarudishwa kwa baba yake, huku watu wanaona.

Hapo Umar bin Khattab (r.a.) hakustahimili. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama yeye si Mtume wa kweli, na kama wao hawako juu ya haki, kisha akamuuliza: je, hakuwaambia kuwa wataifikia Nyumba na kuizunguka? Mtume (s.a.w.) alikubali kuwa aliwaambia hivyo, kisha akamuuliza Umar kama aliwaambia kuwa itakuwa mwaka huu. Umar akajibu kuwa hapana. Basi akamhakikishia kuwa ataifikia na ataizunguka.

Ndugu Waislamu, tuliweke jawabu hili mioyoni. Ahadi ilikuwa thabiti; kilichovunjika ni kalenda waliyojiwekea watu. Ni mara ngapi nasi tumeona ahadi ya Mola wetu imechelewa, ilhali tarehe tuliipanga sisi?

Na tazama lililofuata. Mtume (s.a.w.) aliwaamuru wachinje na wanyoe. Akakariri mara tatu, hakuinuka hata mmoja, kwa uzito wa huzuni. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.), naye akamshauri atoke asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Alipofanya hivyo, wote wakainuka wakachinja na wakanyoana, na huzuni iko pale pale vifuani. Hawakungoja furaha irejee ndipo watii. Walitii kwanza, na utulivu ukawafuata njiani, ilipoteremka Suratul Fat-hi. Katika aya yake ya 4 Mwenyezi Mungu anaeleza kuwa Yeye ndiye aliyeteremsha utulivu katika nyoyo za Waumini ili imani yao izidi.

Mwaka uliofuata waliingia Makka wakafanya umra. Abu Jandal naye alipata kutoroka, akajiunga na Abu Basir na wenzao pwani, katika njia ya misafara, mpaka Makuraishi wenyewe wakamwomba Mtume (s.a.w.) awachukue, sharti walilolilazimisha likawaelemea wao. Na katika Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliingia Makka na jeshi la watu 10,000. Umar (r.a.) alibaki akieleza kuwa kwa maneno yake ya siku ile alifanya amali nyingi za kheri, akitaraji msamaha.

Tufanye nini katika kiangazi?

Kwanza, tusiiache faradhi. Mkulima haachi shamba kwa kuwa mawingu hayajaonekana. Hufyeka, hulima, huandaa mbegu. Huko ndiko kutawakali. Ama anayelala akasema anamtegemea Mwenyezi Mungu, huyo ametegemea usingizi wake.

Pili, tusikae peke yetu. Jamaa huubeba moyo uliochoka. Asiyeweza kusoma akae karibu na anayesoma.

Tatu, tusinunue njia ya mkato. Kiangazi cha moyo ndio msimu wa mavuno wa waganga na wapiga ramli. Mtu aliyemwomba Mola wake miezi mitatu akachoka, humpelekea mganga kuku na fedha kwa ahadi ya siku saba, akarudi na hirizi shingoni. Amebadilisha kungoja kwa Mwenye kumiliki, akapata haraka kwa asiyemiliki kitu.

Nne, tuzidishe dua ya kuthibitishwa moyo, kwani Mtume (s.a.w.), naye ndiye aliyehifadhiwa, alikuwa akiikithirisha.

Tano, na hili ni letu walimu, maimamu na wazazi: anayekuja na swali na machozi tumpokee. Mwenye swali angali mlangoni petu. Anayenyamaza huenda ameshaondoka.

Ama yule kijana, tulimfuata. Tulimkuta gereji anakojifunza ufundi, tukakaa juu ya tairi, tukamwomba radhi mbele ya fundi wake. Tukamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe, ambaye hakuna dua iliyo bora kuliko yake, alimzika mwanawe Ibrahim akiwa mdogo, akalia, na hakusema ila linalomridhisha Mola wake. Tukamweleza pia hadithi ya kuwa dua ya Muislamu haipotei: ama hupewa alichoomba, ama huwekewa akiba Akhera, ama huepushwa na shari mfano wake. Alisikiliza, akauliza maswali mengine magumu zaidi. Mengine tulimjibu, mengine tukamwambia twende tukayasome pamoja.

Siku hizi huja Magharibi. Siku nyingine haji. Nafasi yake katika safu ya darasa tumeiacha wazi, na kila usiku tunamwombea. Hatukupanga tarehe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azithibitishe nyoyo zetu katika masika na katika kiangazi, awarehemu maiti wetu, na asitufanye sisi kuwa sababu ya mja Wake kuikimbia Nyumba Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.