Uhai wa Mji: Mafunzo Tuliyoyapata Makunduchi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na majirani katika usiku wa maadhimisho ya hekalu letu



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uhai na uzima, tukakutana tena katika ukumbi huu waliotujengea wazee wetu. Kamati ya maandalizi imetutaka tuseme machache juu ya mji wetu. Sisi si wasomi. Elimu yetu ilikomea sekondari, na sehemu kubwa ya umri wetu tumeipitisha nyuma ya meza ya duka. Kwa hivyo tutasema kama wafanyabiashara wasemavyo, yaani kwa kufungua daftari na kuonyesha kilichoingia na kilichotoka, hata pale hesabu inapotutia aibu.

Mada yetu imetokana na swali la mjukuu. Mwaka jana mjukuu wetu anayesoma Leicester, Uingereza, alitupigia simu. Alikuwa amesoma orodha ya miji inayosifiwa ulimwenguni kwa haiba yake, muziki wake na raha zake, akatuuliza ni kitu gani hasa kinachoufanya mji uchangamke, na kama Unguja ingestahili kuwemo katika orodha ile.

Tulimjibu papo hapo, kwa fahari. Tulimtajia Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tulimtajia tamasha la filamu la ZIFF lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, ambalo tangu mwaka 2004 limewakusanya wanamuziki wa Afrika. Tulimtajia klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905. Tulimtajia milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kigujarati, na urojo wenye bhajia ndani yake. Tukamkumbusha pia kwamba Freddie Mercury alizaliwa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye wazee wake walitokea Gujarat kama wazee wetu.

Mjukuu alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza: katika hayo yote, ni lipi tulilolifanya sisi wenyewe?

Tulikosa la kusema. Jibu tulilipata miezi michache baadaye, mwezi wa Julai, na hatukulipata Mjini. Tulilipata Makunduchi.

Msishangae. Katika lugha yetu neno "mji" halibagui. Unguja Mjini ni mji, na Makunduchi, kule kusini kabisa mwa kisiwa, ni mji vilevile. Hata penye nyumba chache, wenyewe huita mji wao. Kwa hivyo anayetaka kujua mji ni kitu gani ana haki ya kuuliza popote watu wanapoishi pamoja.

Baadhi yenu mnajua kuwa marehemu baba yetu alikuwa na duka Makunduchi. Aliuza sukari, mafuta ya taa, chumvi na kanga, akinunua mbata na kamba za makumbi zilizosokotwa na kina mama wa huko. Sisi wanawe tulijifunza Kikae, lahaja ya Makunduchi, kabla hatujajua kuandika Kigujarati. Duka lilifungwa mwishoni mwa miaka ya sitini, tukahamia Mjini, lakini kila ulipofika Mwaka tulipanda gari ya shamba na kurudi.

Mwaka tunaousema ni Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ihesabiwayo kwa kalenda ya jua, ambayo asili yake hunasibishwa na Nairuzi ya Waajemi. Na hapa tujiulize wenyewe: Waparsi waliotoka Uajemi waliipeleka Nairuzi kwetu Gujarat, na pwani hii ya Waswahili nayo ina Nairuzi yake. Bahari ilikuwa imetukutanisha kabla ya sisi kuonana.

Wengi wenu mmeiona sikukuu ile. Wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana uwanjani na kupigana kwa magomba ya migomba, ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie pale pale na kisivuke kuingia mwaka mpya. Kina mama, wakiwa katika mavazi yao mazuri kabisa, huzunguka wakiimba, na nyimbo zao humsema kila anayestahili kusemwa. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mganga akakitia moto, na watu wakaangalia moshi unaelekea wapi, wapate kuujua mwaka utakavyokuwa.

Wageni wa kamera hupiga picha za magomba na moto, wakarudi Mjini jioni. Lakini moyo wa sikukuu ile, kwa tuionavyo sisi, haumo uwanjani, umo majumbani. Watu wa Makunduchi wanaamini kwamba si vyema mtu kuingia Mwaka bila ya mgeni nyumbani kwake. Mgeni haombi kukaribishwa; ni mwenyeji anayemtafuta mgeni.

Na sisi tulikuwa wageni wagumu, kwani hatuli nyama wala samaki. Katika mji wa wavuvi, hilo si jambo dogo. Jirani wa mama yetu, bibi mmoja ambaye mumewe alikuwa mteja wa duka letu, alilitatua kwa namna yake. Alinunua chungu kipya, akasema hiki hakitaguswa na samaki. Mwaka hata mwaka alikiosha, akakifunga kwa kitambaa na kukitundika darini, akakiteremsha tulipokuja tu, akatupikia kunde na boga la nazi. Alipofariki, binti yake alikirithi chungu kile pamoja na kazi yake. Hakuna aliyewahi kutuuliza kwa nini hatuli kama wao, na hakuna aliyetutaka tushukuru.

Ndugu zetu, uhai wa mji ni pale mtu anapoishi kwa namna yake, na jirani yake akamwekea nafasi bila ya yeye kuacha namna yake. Muziki, vyakula, nakshi na matamasha huja baadaye, kama matunda yanavyokuja baada ya mti.

Tazameni taarab yetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijijini, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akija Mjini kuuza vyungu. Mji ulimpa nafasi muuza vyungu, naye akaupa sauti. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kwenda kurikodi nyimbo kwa Kiswahili. Mwanamke wa shamba, muziki wenye asili ya Uarabuni, mashine za Bara Hindi: yangekosekana makaribisho katika hatua moja tu ya safari ile, tusingekuwa na chochote cha kujivunia mbele ya wajukuu zetu.

Sisi nasi tulikaribishwa hivyo hivyo. Wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch walikuwa hapa tangu zama za Seyyid Said. Mmoja wao, Jairam Sewji, alikabidhiwa ushuru wa forodha yote. Lugha ilitupokea pia, na hata leo mwenye kusema pesa, laki, bima au gari anasema maneno tuliyokuja nayo. Baada ya mwaka 1964 wengi wetu walihama, na idadi yetu leo ni ndogo. Lakini waliobaki walibaki kwa sababu walikuwa na majirani.

Sasa tufungue upande wa pili wa daftari.

Familia yetu ilikuwa na nyumba ya ghorofa tatu katika Mji Mkongwe. Chini palikuwa na duka, juu tukiishi sisi, na chumba kimoja cha nyuma kilijulikana kuwa ni cha Makunduchi. Jamaa wa kule walipoleta mgonjwa hospitali walilala hapo, siku mbili au wiki mbili, na mama yetu hakuhesabu. Barazani mbele ya mlango wazee walicheza bao, na muuza kahawa alijua saa ya kupita.

Miaka 12 iliyopita tuliikodisha nyumba ile iwe hoteli, tukahamia nje ya mji penye nafasi ya kuegesha gari. Hatumlaumu mpangaji, alilipa kodi kwa wakati na paa akalitengeneza vizuri kuliko sisi. Wala hatuzikatai hoteli, kwani vijana wetu wengi wanapata riziki humo, na nyumba za mawe na chokaa hazisimami bila ya fedha. Sote tuliona Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020. Hata hivyo tumejifunza kuwa nyumba huweza kufa huku imesimama.

Siku moja usiku, yule binti aliyerithi chungu alikuja Mjini na mjukuu wake aliyekuwa na homa kali. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wetu. Mlinzi alimwambia kwamba hapo ni hoteli, na kwamba jina analolitaja halijui. Alitaka kupumzika barazani na mtoto mikononi, akaambiwa baraza ni ya wateja. Aliondoka kwa miguu, akavuka hadi Ng'ambo kutafuta jamaa usiku ule. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu.

Sisi hatukuwa na habari. Hakutupigia simu, hakulalamika. Tulilisikia Julai iliyofuata, tumekaa kwake Makunduchi, chungu kiko jikoni kinachemka. Alilisema huku akicheka: "Nyumba yenu imekuwa nzuri sana, lakini haitujui tena."

Tulikula kunde zake siku ile, na hazikupita kooni kwa urahisi. Hapo ndipo tulipolielewa swali la mjukuu. Yeye aliuliza tulichokifanya, na tulichokifanya sisi ni kufunga mlango mmoja. Sasa tupite katika uchochoro ule baada ya sala ya Isha. Taa nzuri zimewashwa, vinyago vimepangwa, na hakuna mtoto anayeitwa na mama yake kutoka dirishani. Mgeni anayekuja kutoka mbali kutazama uhai wa mji wetu anawakuta wageni wenzake wakitazamana.

Wapenzi wanachama, hatukusimama hapa kulia tu. Mwezi ujao kamati itajadili ombi la mwekezaji anayetaka kuikodi dharmashala yetu, nyumba ya wageni ya hekalu, kwa miaka mingi na kwa kodi ya kuvutia. Tunaijua hali ya mfuko wa hekalu, na tunajua paa linavuja. Hata hivyo tunaomba ombi hilo likataliwe, na badala yake tunapendekeza yafuatayo.

Maduka mawili ya chini yakodishwe kwa bei ya soko, mapato yaende kwenye matengenezo. Vyumba viwili vya juu vipangishwe kwa familia za mtaa huu kwa kodi wanayoiweza, ili mtaa uendelee kuwa na watoto. Viwili vilivyobaki viwe vya wasafiri wanaoleta wagonjwa kutoka shamba na Pemba, bila ya kuulizwa dini wala kabila. Ukumbi huu ufunguliwe jioni kwa vijana wa mtaa wanaojifunza muziki. Mwenye tabla afundishwe na mwenye dumbaki, na mwenye dumbaki afundishwe na mwenye tabla. Na baraza yetu isifungwe mnyororo kamwe.

Maneno matupu hayazibi paa. Kwa hivyo familia yetu imekubaliana kutoa kodi ya miaka miwili ya nyumba tuliyoikodisha, yote, kwa ajili ya paa la dharmashala. Na mkataba wetu utakapokwisha, miaka mitatu ijayo, ghorofa moja ya nyumba ile itarudi kuwa makaazi, na chumba cha nyuma kitarudi kwa wenyewe. Tumewaambia hivyo kule Makunduchi, na sasa tumesema mbele yenu, ili mtudai.

Tunamalizia kwa ombi dogo zaidi, lisilohitaji kikao wala fedha. Watu wa Makunduchi hawapendi kuingia Mwaka bila ya mgeni. Usiku wa Diwali, tunapowasha taa na kupanga vitamu kwenye sinia, ni wangapi kati yetu tuna mgeni asiye wa jumuiya yetu ndani ya nyumba? Mwaka huu kila familia na imtafute mmoja, jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa skuli, muuza kahawa. Kwa upande wetu, dada yetu wa Makunduchi amekubali kuja na wajukuu zake. Ametuuliza jambo moja tu: kama Mjini tunacho chungu, au aje na kile chake.

Tumemwambia aje mikono mitupu. Chungu tumeshanunua.

Mwenyezi Mungu aulinde mji wetu na wote waliomo.