Taa ya Dari Ishikwe na Mbao, Isishikwe na Waya

Mazungumzo kwa wenye nyumba na mafundi wa Musoma, Bunda na Butiama



Nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama hujengwa kwa awamu. Kuta hupanda kwanza, mabati hufuata, na dari husubiri mavuno mengine au mshahara mwingine. Umeme haungoji. Mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ufikapo kijijini, mwenye nyumba hutandaza nyaya upesi ili TANESCO imuunganishe, na holda ya taa hufungwa juu kwenye kenchi. Miaka ikipita, dari ya jasi huwekwa chini ya kenchi hizo. Hapo ndipo waya uliotosha jana huonekana mfupi leo: umebaki shubiri moja juu ya tundu, na taa mpya inausubiri chini. Katika nyumba nyingine, ncha ya waya iliyoungua hukatwa kila taa inapobadilishwa, mpaka hakuna kilichobaki cha kukata.

Kishawishi cha kwanza ni kuuvuta waya kwa nguvu mpaka uifikie taa. Waya uliokazwa hivyo huchomoka taratibu chini ya skrubu. Mguso ukilegea, joto huzaliwa pale pale penye kiungo. Sakiti breka haikati, kwa kuwa hiyo hupima wingi wa umeme unaopita, wala haipimi joto la kiungo kimoja. Plastiki hukauka, hupasuka, na mwishowe yaweza kuwaka, katikati ya mbao kavu ambako hakuna jicho linalofika.

Kishawishi cha pili ni kusokota kipande cha waya mwingine, kukizungushia tepu, kisha kukisukumia darini. Joto la mchana chini ya mabati huiharibu gundi ya tepu, nayo hufunguka. Mvua ipenyayo kwenye matundu ya misumari humalizia kazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kiungo kilichofichwa darini huumbuliwa na moshi.

Njia iliyo salama huanza kwenye swichi kuu. Swichi ya ukutani haitoshi kuzimwa, kwani ikiwa ilifungwa kimakosa kwenye nyutro, waya wa moto hubaki na umeme kwenye taa. Nyumba yenye sola au jenereta izimiwe na hivyo pia, na watu wa nyumbani waambiwe wasiwashe kitu. Kisha testa ijaribiwe mahali panapojulikana kuwa na umeme kabla ya kuzimwa, ipimwe kwenye nyaya za taa baada ya kuzimwa, na ijaribiwe tena mahali penye umeme, kama vile betri au chanzo kingine kinacholingana nayo, ili ijulikane kwamba haikuharibika katikati ya kazi.

Hatua ya pili ni kutazama juu ya dari. Mara nyingi waya umezungushwa pembeni mwa kenchi na kubanwa kwa klipu. Klipu mbili au tatu zikifunguliwa, na waya ukipitishwa njia fupi zaidi, urefu unaotakiwa hupatikana bila kuunga chochote.

Urefu usipopatikana, waya na uungwe kwa utaratibu. Kipande kinachoongezwa kiwe cha shaba na cha unene ule ule, ambao kwa taa kwa kawaida ni milimita za mraba 1.5. Waya wa moto, nyutro na waya wa ardhi kila mmoja uungwe na mwenzake kwa konekta yenye skrubu. Wa ardhi usiachwe, hasa taa ikiwa na mwili wa chuma. Kiungo kikae ndani ya boksi lenye kifuniko, boksi lipigiliwe kwenye mbao, na ganda la nje la waya liingie ndani yake. Boksi hilo lazima lifikike baadaye, kupitia mlango wa dari au kwa kuishusha taa. Waya ambao ganda lake limepasuka au kuungua hauongezwi, hubadilishwa wote.

Hatua ya mwisho ni kuishika taa yenyewe. Bodi ya jasi haibebi uzito kwa kutegemewa, na waya haukutengenezwa kuning'iniza taa nzito. Kipande cha mbao kipigiliwe juu ya bodi, kati ya mbao mbili za dari, na skrubu za taa ziingie humo. Penye dari ya zege, hutobolewa na kuwekwa fisha. Feni huhitaji ndoano yake imara, kwani uzito wake hutikisika kila siku. Baada ya hapo waya ubaki umelegea kidogo ndani ya taa, usivutwe na chochote.

Kazi hizi ni za fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Gharama ya boksi, konekta na mita moja ya waya ni ndogo mno kando ya gharama ya paa.

Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepewa jina la mwana wa Butiama. Safari ya umeme ni ndefu, lakini usalama wa familia huamuliwa katika shubiri ya mwisho ya waya. Kwa hiyo, fundi akishuka ngazi, mwenye nyumba na amwulize maswali mawili kabla ya kumlipa: taa hii imeshikwa na nini, na kiungo kiko wapi? Jibu la kwanza liwe mbao au zege. La pili liwe mahali anapoweza kupaonyesha kwa kidole.