Msaada wa Skrini kwa Mtu Aliye Kazini



Nimepewa mada ya kubuni msaada unaotokea kwenye skrini ya kompyuta. Nitaanza na msimamo wangu ili mnibane mapema: sehemu kubwa ya msaada tunaouandika hausomwi, na wasiousoma wana haki yao. Mhasibu aliyefungua programu ya mishahara mwisho wa mwezi anataka mishahara itoke. Hakuja kujifunza programu.

Jambo hili limejulikana siku nyingi. Mwaka 1987 John Carroll na Mary Beth Rosson, watafiti wa IBM, waliandika juu ya mkanganyiko huu: mtumiaji angesoma kwanza, angeokoa muda mwingi baadaye, lakini hasomi, anavamia kazi moja kwa moja. Miaka michache kabla ya hapo Carroll alikuwa amewatazama wanaoanza kujifunza programu za kuchapia maandishi, na hakuwalaumu. Mwaka 1984 yeye na Caroline Carrithers walieleza toleo la mafunzo walilolijaribu, ambalo kazi zake ngumu zilikuwa zimefungwa. Kwenye menyu zilionekana, ila aliyechagua mojawapo aliambiwa tu kwamba haipatikani kwa sasa, akaendelea na yake. Waliojifunza kwa toleo hilo walimaliza kazi mapema kuliko wenzao waliopewa programu kamili. Walisaidiwa kwa kuzuiwa wasipotee.

Mfano wa kinyume chake wengi wenu mnaukumbuka: kile kibanio cha karatasi chenye macho, Clippy, kilichokuja na Office 97. Ukianza barua tu, kinachomoza na kukuuliza kama unataka kusaidiwa kuandika barua, mithili ya muuza duka anayekufuata nyuma kila rafu unayoigusa. Watu hukicheka kana kwamba kilibuniwa na wajinga. Sivyo. Nyuma yake kulikuwa na utafiti wa Eric Horvitz na wenzake wa Microsoft, mradi wa Lumiere, uliotumia hesabu za uwezekano kukisia mtu anataka nini na ana ujuzi kiasi gani. Bidhaa iliyouzwa ilitumia kanuni nyepesi zaidi, na ile sehemu ya kumfahamu mtumiaji kadiri anavyozidi kuzoea haikuingizwa. Karani aliyekwisha kuandika mamia ya barua aliulizwa swali lile lile la siku ya kwanza. Office XP ya mwaka 2001 ilikuja kibanio hicho kikiwa kimezimwa, na katika Office 2007 hakikuwamo tena.

Inashangaza kwamba WordStar, programu ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa imelitatua tatizo hilo bila mbwembwe. Mtumiaji alichagua kiwango cha msaada, kuanzia 3 kushuka hadi 0, na kadiri alivyoshuka ndivyo menyu za maelekezo zilivyopungua na kumwachia nafasi ya maandishi yake. Uamuzi ulikuwa wa mwenye kazi. Hawa wasaidizi wa gumzo wanaorundikwa siku hizi kwenye kona ya kila skrini wangeanza kwa kuiga adabu hiyo.

Sasa tuangalie kitu kimoja kwa karibu. Chukua fomu ya kujisajili yenye kisanduku cha namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Namba hiyo ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu yenye vistari katikati: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kisha tano, tano na mbili. Mtu anaiandika kama anavyoiona, na vistari vyake. Programu inamjibu kwa maandishi mekundu: "Ingizo si sahihi." Anatazama kadi, anatazama skrini, namba ni zile zile. Anafuta, anaandika upya, anajibiwa vile vile.

Dawa ya kwanza, na ndiyo bora, ni programu kuviondoa vistari yenyewe. Ni mstari mmoja wa msimbo wa programu, na hapo hakuna msaada unaohitajika. Ikishindikana, maelekezo yakae chini ya kisanduku kabla mtu hajagusa kibodi: "Tarakimu 20, bila vistari." Yasiwekwe ndani ya kisanduku kwa yale maandishi hafifu ya kijivu, kwa sababu hufutika mara tu mtu anapoanza kuandika, yaani wakati ule ule anapoyahitaji. Wala yasifichwe kwenye kidokezo kinachosubiri kishale cha kipanya kipite juu yake. Wengi wanajaza fomu hizi kwa simu, na kwenye simu hakuna kishale.

Kosa likitokea, ujumbe utaje kilichoonekana na cha kufanya: "Umeandika tarakimu 19. Namba ya NIDA ina 20. Angalia kama umeruka moja." Na kama tarehe ya kuzaliwa ilishajazwa hapo juu, programu inaweza kulinganisha na kusema tarakimu nane za mwanzo hazifanani nayo. Alichokiandika mtu kibaki palepale. Kumfutia tarakimu 19 sahihi kwa ajili ya moja aliyoisahau ni utovu wa adabu, hata ujumbe ukianza na "samahani".

Jakob Nielsen, katika kanuni 10 za ubunifu alizozipanga mwaka 1994, aliweka msaada na nyaraka mwisho kabisa, baada ya kuzuia makosa na kumwezesha mtu kujinasua. Mpangilio huo naukubali.

Swali linalobaki ni namna ya kujua watu wanakwama wapi. Tunao wataalamu ambao hatuwaulizi: vijana wa steshenari, na kule Kenya wale wa saiba, wanaowajazia watu maombi ya mikopo, ya ajira na ya vibali kwa malipo. Wao ndio dawati la msaada la mifumo yetu. Kaa kando ya mmoja wao kipindi cha maombi, sikiliza wateja wanauliza nini na yeye anajibu kwa maneno gani. Maneno hayo, yakinyooshwa kidogo, ndiyo maandishi ya msaada. Mara nyingi yanazidi ya kwetu kwa ufupi.

Mwisho, suala la bando. Faili za msaada za Windows zilikuwa zikikaa ndani ya mashine. Ulibonyeza F1, zikafunguka. Leo katika programu nyingi F1 inafungua ukurasa wa intaneti, ukiacha zile kompyuta ndogo ambazo kitufe hicho kimegeuzwa cha kunyamazisha sauti. Kwa ofisi ya kata iliyokatikiwa mtandao, msaada huo haupo. Maelezo ya kurasa 200 yasiyo na picha hayafiki hata megabaiti moja, kwa hiyo napendekeza yakae ndani ya programu, na ya mtandaoni yawe nyongeza tu. Na katika ujumbe wote tutakaouandika, wa kwanza uwe ule wa mtandao kukatika, ukimweleza mtu kama alichokwisha kuandika kimehifadhiwa au la.