Mwani dukani Mwihoko

Msikilizaji, Mwihoko na bahari ni mbali, lakini mwani ulishafika huku kitambo. Ingia duka lolote la mtaani, chukua dawa ya meno, ugeuze pakiti usome yale maandishi madogo. Mara kwa mara utakuta karajinani, ute unaotolewa kwenye mwani mwekundu, jamii ya ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, na wenzao wa Unguja. Kazi yake ni kuifanya dawa iwe nzito, isichuruzike.

Dawa za maji za kiungulia nazo, baadhi zina aljineti ya mwani wa kahawia. Ikikutana na asidi tumboni hufanya utando unaoelea juu, asidi isipande kooni. Hiyo ni tiba inayojulikana hospitalini.

Sasa kuna jeli na unga wa mwani, vinauzwa mitandaoni kwa sifa za kuponya kila kitu, kuanzia kisukari hadi nguvu za kiume. Hapo mimi nafunga pochi. Mwani una iodini, ni kweli, na iodini ikikosekana mtu huota rovu, yaani tezi ya shingo huvimba. Lakini mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi ya dukani hapa Kenya huongezwa madini hayo kwa mujibu wa sheria. Iodini ikizidi, huivuruga tezi ileile. Mjamzito, au mwenye shida ya tezi, amwone daktari kabla ya kumlipa muuzaji.